Pakiti Tatu za Hopsi: Saaz, Cascade na Citra

Kwa miezi miwili nimelinganisha aina tatu za hopsi, yaani maua yanayoipa bia uchungu na harufu: Saaz, Cascade na Citra, nilizozinunua katika duka moja la vifaa vya kutengenezea bia hapa Dar es Salaam. Ili tofauti itokane na hopsi peke yake, kila mara nilitumia lita 5 za maji, kimea kilekile cha shayiri na hamira ileile, nikaiacha bia ichachuke ndani ya friji kwenye nyuzi 19, kwa kuwa joto la jiji letu huiharibu ladha.

Saaz, ya Jamhuri ya Cheki, ina uchungu mpole na harufu ya viungo na majani makavu. Cascade, iliyotolewa Marekani mwaka 1972, inanukia balungi waziwazi. Hata hivyo, Citra ndiyo iliyoniteka: niliposugua chembe mbili viganjani, ziliacha mafuta yanayonata, na mikono ikanukia embe bivu na ndimu hadi jioni. Asidi zake za alfa, ambazo ndizo zinazoleta uchungu, hufikia asilimia 11 hadi 13, karibu maradufu ya Cascade, kwa hiyo nilitia gramu 3 tu mwanzoni mwa kuchemsha, na zilizobaki nikazitia baada ya kuzima moto ili harufu isipotee na mvuke.

Pakiti ya kwanza ya Saaz ilikuwa imeingia hewa, chembe zimegeuka kahawia na zinanuka jibini. Muuzaji alinibadilishia bila ubishi, lakini hopsi zinastahili kuhifadhiwa kwenye friza, si kwenye rafu inayopigwa na jua.