Bodi ya pawa saplai ya kompyuta: nzuri, ila fyuzi iko wapi?

Haya jamani karibuni tena, leo mezani kuna pawa saplai ya ATX, yaani ile ya kawaida ya kompyuta za mezani, niliyoitoa kwenye kompyuta, na hii bodi ndogo yenye soketi ya pini 24, unachomeka tu unapata volti zako bila kukata waya hata mmoja. Nimeipenda sana. Kuwasha mnajua, waya wa kijani unagusana na mweusi, ambao ndo hasi, hapa kwenye bodi wameweka swichi ya kazi hiyo, feni hiyooo. Njano volti 12, nyekundu 5, chungwa 3.3, zambarau ndo 5 ya stendibai, ipo hata ukizima swichi hii ya bodi.

Sasa kinachonikera, angalia vizuri. Naunga LED, kale kataa kadogo, na rezista yake ya kupunguza umeme, inavuta miliampia 20 hivi, safi. Lakini kwenye laini ya volti 12 saplai hii inaweza kutoa ampia zaidi ya 20! Nachukua kawaya kembamba karefu, nagusisha njano na nyeusi, msijaribu nyumbani... mmeona? Moshi! Plastiki inayeyuka na saplai haijajikata, kwa sababu kwake huo mzigo ni wa kawaida kabisa, yenyewe inajilinda yenyewe, hailindi projekti yako. Narudia na fyuzi ya ampia 1 katikati, paa, fyuzi imekatika, kawaya hata joto hakana. Fyuzi moja tu! Na hii bodi haina hata sehemu ya kuiweka, halafu zipo za washindani wao zenye fyuzi zinazojirudisha zenyewe zikipoa, tofauti ya bei ndogo sana.

Mtaniambia ninunue saplai ya maabara yenye nobu ya kupunguza ampia, kweli ile ni bora, ila bei yake jamani.

Basi bodi naendelea nayo, fyuzi nafunga mwenyewe kila laini. Saplai yako ikiwa ya zamani ikawaka na kuzima, weka rezista ya ohm 10 ya wati 10 kwenye laini ya 5, inataka mzigo kidogo, na usiishike maana inachemka. Kasha la saplai usilifungue, kapasita za ndani, zile zinazohifadhi umeme, zinaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata umechomoa. Na nyaya zikiwa nyeusi zote kama saplai nyingi mpya, usikisie rangi, pima kila pini na multimita, kile kipimo cha volti, kwanza.

Mwenye bodi yenye fyuzi aandike jina lake kwenye koment, nataka niiweke hapa mezani tuipige shoti.