Terminus kwenye laptop ya mtumba: fonti ya terminali inayostahimili jua la Dodoma

Laptop nyingi za mtumba zinazouzwa Dodoma (mtumba wa dukani, si Mtumba, eneo la ofisi za wizara) zina kioo cha pikseli 1366 kwa 768. Kwa kioo hicho, kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), fonti ya Terminus inaziacha mbali fonti mpya zinazosifiwa, JetBrains Mono ikiwemo. Fonti hizo ni za mchoro unaokuzwa na kupunguzwa. Unene wa herufi usipoangukia pikseli kamili, kingo hujazwa kijivu. Kaa karibu na dirisha saa nane mchana uone kijivu hicho kinavyomezwa na mwanga. Terminus imechorwa nukta kwa nukta: inawaka au haiwaki. Sifuri ina mkato, na l, I na 1 hazichanganyiki hata macho yakichoka.

Kasoro yake iko kwenye kuiweka. Kwenye Debian (mfumo endeshi wa Linux):

sudo apt install fonts-terminus-otb
fc-cache -f
fc-match Terminus

Ukiweka xfonts-terminus peke yake, GNOME Terminal haitaionyesha, kwa sababu Pango (programu inayoichorea maandishi) tangu toleo 1.44 la mwaka 2019 imeacha PCF, mafaili ya zamani ya fonti za nukta, inataka OTB, aina mpya. Ubaya wa fontconfig (programu inayotafuta fonti kwa jina) ni kwamba hailalamiki. Ukikosea jina, inakupa fonti nyingine kimyakimya, nawe unaihukumu Terminus bure. fc-match ikijibu DejaVu, chungulia /etc/fonts/conf.d: faili linaloanza na 70-no-bitmaps huzuia fonti za nukta.

Saizi ni 12, 14, 16, 18, 20, 22, 24, 28 na 32 tu, kwa pikseli. Xterm, terminali nyingine, inahesabu kwa pointi, na hapo ndipo watu hupotea: pointi 12 mara 96 (pikseli kwa inchi) gawanya kwa 72 (pointi kwa inchi) ni pikseli 16, safi kabisa. Xft.dpi (hiyo idadi ya pikseli kwa inchi) ikiwa 112 unapata 18.67, saizi ambayo haipo. Basi kwenye faili la mipangilio, ~/.Xresources, andika:

Xft.dpi: 96
XTerm*faceName: Terminus
XTerm*faceSize: 12

Kisha xrdb -merge ~/.Xresources, na ufungue dirisha jipya. La zamani halibadiliki. Kila herufi itachukua pikseli 8 kwa 16, yaani safu wima kama 170 kwenye upana wote wa kioo.

Kiswahili inakimudu chote, ng' na yote. Khati ya Kiarabu na emoji haina, zitaazimwa kwenye fonti nyingine. Mwenye kioo cha 4K, chenye pikseli ndogo mno, asijisumbue: hata 32 itakuwa ndogo na kumkodolesha macho.