Uzoefu wangu: kutoka Saint-Denis hadi katikati ya Paris kwa baiskeli baada ya Olimpiki

Ninaishi Saint-Denis, mji ulioungana na Paris kwa upande wa kaskazini, na kazi yangu iko karibu na Châtelet, katikati kabisa ya jiji. Kabla ya Olimpiki ya 2024 safari hiyo nilikuwa naifanya kwa treni tu. Siku hizi naifanya zaidi kwa baiskeli, wakati mwingine yangu, wakati mwingine ya kukodi ya Vélib', na mvua ikizidi napanda metro ya laini ya 14. Tathmini hii inahusu huduma hizo kwa jinsi anavyozikuta mtumiaji wa kila siku, na nitatanguliza maoni yangu ili msomaji asihangaike kuyatafuta: kitu bora kuliko vyote ambacho michezo ile ilituachia sisi wa upande huu ni njia ya baiskeli, na njia hiyo imefanikiwa kwa sababu meya wa Paris ana mamlaka halisi juu ya barabara zake. Pale mamlaka hayo yanapoishia, ubora nao unaanza kushuka.

Kwanza njia yenyewe. Kwa ajili ya michezo zilitengenezwa au kuunganishwa takriban kilomita 60 za njia za baiskeli kati ya viwanja vya Paris na vile vya Seine-Saint-Denis, wilaya ambamo mji wetu upo, kwa lengo la kumwezesha mtazamaji kufika kila kiwanja bila gari. Moja ya njia hizo inafuata mfereji wa Saint-Denis, kutoka upande wa Stade de France mpaka La Villette. Hakuna taa za kusimamisha wala malori. Kuna maji upande mmoja, na upande mwingine kuta za maghala ya zamani na majengo mapya ya ghorofa. Asubuhi wapo wazazi wanaopeleka watoto shule kwa baiskeli za mizigo, na wapo wanaokimbia mazoezi, ambao ni lazima uwapigie kengele kwa adabu kwa sababu njia ni ya wote. Usiku ni habari nyingine. Chini ya madaraja ya barabara kuu mwanga ni hafifu na watu ni wachache, kwa hiyo gizani mimi hupita mitaani, hata kama safari inarefuka.

Ukishaingia Paris mambo yanabadilika ghafla, na hapo ndipo unapoiona siasa kwa macho. Kuanzia eneo liitwalo Stalingrad njia imetengwa na magari kwa ukingo wa zege, alama zinasomeka, na makutano yana taa ndogo za baiskeli zilizowekwa usawa wa macho ya mwendeshaji. Boulevard de Sébastopol ina njia ya kwenda na kurudi iliyobanwa upande mmoja wa barabara, na saa mbili asubuhi ina msongamano ambao mtu aliyezoea foleni za Ubungo, Dar es Salaam, angeutambua, isipokuwa hapa foleni ni ya baiskeli. Taa ikiwa nyekundu tunasimama thelathini au arobaini kwa pamoja. Ikiwa kijani, wasambazaji wa vyakula wenye baiskeli za umeme zilizochezewa injini wanatupita kushoto na kulia kana kwamba sisi ni miti. Ukilalamikia jambo moja katika njia hii, lalamikia upana. Ilijengwa kwa ajili ya watu waliotarajiwa, wakaja wengi zaidi.

Hali hii haikuanzia kwenye Olimpiki, na msomaji akiambiwa kwamba michezo ya wiki chache iligeuza jiji zima asikubali haraka. Vélib' ilianza Julai 2007 chini ya meya Bertrand Delanoë. Anne Hidalgo, aliyeingia madarakani mwaka 2014, alifunga barabara ya magari iliyokuwa ikipita ukingo wa kulia wa mto Seine mwaka 2016, mahakama ikalifuta agizo lake mwaka 2018, akatoa agizo jingine kwa misingi tofauti na safari hiyo likadumu. Mwaka 2020, wakati wa korona, barabara ya Rivoli ilitolewa kwa baiskeli kwa sehemu kubwa, na Agosti 2021 mwendo katika mitaa mingi ya jiji ukashushwa hadi kilomita 30 kwa saa. Mpango wa baiskeli wa 2021 hadi 2026 ulitengewa euro milioni 250. Olimpiki iliongeza jambo moja ambalo siasa ya kawaida huwa haina, yaani tarehe isiyosogezwa. Kazi iliyokuwa ikijadiliwa kwa miaka ililazimika kuisha kabla ya Julai 2024, na wapinzani walipata shida kupinga kitu ambacho dunia nzima ilikuwa inakisubiri.

Michezo ilipokwisha, meya hakupunguza kasi. Oktoba 1, 2024 mwendo katika barabara kuu ya mzunguko wa Paris, ile Périphérique, ulishushwa kutoka kilomita 70 hadi 50 kwa saa. Siku hiyohiyo ada mpya ya maegesho kwa magari mazito ikaanza, euro 18 kwa saa katika mitaa ya kati kwa wasio wakazi. Novemba magari yanayopita tu katikati ya jiji bila shughuli hapo yakapigwa marufuku. Machi 2025 njia ya Périphérique iliyokuwa imetengwa kwa magari ya wanamichezo na viongozi wa Olimpiki ikafanywa ya mabasi, teksi na magari yenye watu wawili au zaidi, katika saa za msongamano. Rais wa baraza la mkoa wa Île-de-France, unaojumuisha Paris na vitongoji vyake, Valérie Pécresse, alilipinga hili la mwisho waziwazi. Upinzani wake una hoja ndani yake, kwa sababu anayeendesha kwenye Périphérique mara nyingi si mkazi wa Paris bali ni mtu wa vitongoji kama sisi, ambaye treni yake huenda haifiki anakofanya kazi.

Hapa kuna jambo linalonikera kidogo kama mtumiaji. Natumia barabara za Paris kila siku ya kazi, lakini Saint-Denis ina meya wake, na wanaopiga kura Paris ni wakazi wa Paris. Zaidi ya hapo, mgeni asiye raia wa nchi ya Umoja wa Ulaya hapigi kura ya manispaa popote Ufaransa. Hata wenye haki hiyo hawajitokezi: kura ya maoni ya Aprili 2023 iliyoziondoa skuta za umeme za kukodi ilivutia asilimia 7 na kitu ya wapiga kura, ile ya ada ya magari mazito Februari 2024 chini ya asilimia 6, na ile ya Machi 2025 ya kuzifanya barabara 500 zaidi kuwa za miguu na miti asilimia 4 tu. Zote zilipita alivyotaka meya. Mimi napenda matokeo yake, ila sipendi kusikia yakiitwa sauti ya wananchi.

Nirudi kwenye baiskeli za kukodi. Za kijani hazina injini; za buluu ni za umeme. Ukiwa na usajili wa mwezi, unagusisha kadi yako ya usafiri kwenye kisanduku kilichopo kwenye usukani, kifungo kinaachia, unaondoka. Lakini usichukue tu iliyo karibu. Bonyeza tairi zote mbili kwa kidole gumba, minya breki za mbele na za nyuma, zungusha pedali kinyumenyume uone kama mnyororo upo mahali pake, kisha angalia kiti. Kiti kilichogeuzwa kuelekea nyuma ni ishara ambayo watumiaji wa hapa wameizoea, kwamba aliyetangulia ameikuta baiskeli hiyo mbovu. Ukirudisha, isukume mpaka ikamate na usiondoke kabla kisanduku hakijathibitisha kwamba safari imefungwa, la sivyo saa inaendelea kuhesabu.

Udhaifu wake mkubwa ni wa kijiografia. Asubuhi watu wanateremka kutoka Belleville na Montmartre kuelekea bondeni, vituo vya juu vinabaki vitupu na vya katikati vinajaa, na malori ya kuhamisha baiskeli hayawezi kushindana na mteremko. Wizi na uharibifu pia ni tatizo linalojulikana. Huduma hii si ya meya wa Paris peke yake bali inasimamiwa na chombo cha pamoja cha Paris na manispaa nyingi zinazoizunguka, kila moja ikichangia kwa uwezo wake, ndiyo maana kadiri unavyotoka nje ya Paris ndivyo vituo vinavyozidi kuachana. Kwa huku kwetu nashauri uwe na baiskeli yako na ile ya kukodi uifanye akiba.

Kuna pia baiskeli za kampuni binafsi zinazofunguliwa kwa programu ya simu na kuachwa kwenye maegesho yaliyochorwa barabarani. Kampuni moja, ambayo sitaitaja, ilikataa kunifungia safari ingawa nilikuwa nimesimama ndani ya mistari, huku dakika zikiendelea kukatwa. Fedha zilirudi baada ya barua pepe kadhaa za kusukumana. Tangu hapo nazitumia tu nikiwa nimekosa njia nyingine kabisa.

Laini ya 14 ndiyo sura nyingine ya urithi huu. Juni 24, 2024, mwezi mmoja kabla ya ufunguzi, ilirefushwa mpaka Saint-Denis Pleyel upande wa kaskazini na uwanja wa ndege wa Orly upande wa kusini, na safari ya mwisho hadi mwisho ni kama dakika 40. Haina dereva, inakuja kwa kufuatana, na tofauti na laini nyingi za zamani, mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kuingia na kutoka katika vituo vyake vyote, jambo ambalo Paralimpiki ililiweka wazi kuwa ni aibu kwa sehemu kubwa ya metro ya Paris. Kutoka Pleyel kuna daraja jipya linalovuka reli nyingi mpaka upande wa Stade de France. Zamani upande mmoja wa mji ulikuwa haujui habari za upande mwingine. Laini nyingine mpya zilizoahidiwa wakati wa kuomba uenyeji, kama ya 16 na ya 17, hazikuwahi michezo. Hidalgo mwenyewe alisema Novemba 2023 kwamba kuna maeneo ambayo usafiri hautakuwa tayari, kauli iliyowakasirisha viongozi wa mkoa na wa serikali, kwa kuwa treni si zake.

Nauli pia si yake. Ahadi ya awali ya usafiri wa bure kwa wenye tiketi za michezo ilitupwa, tiketi moja ya metro ikauzwa euro 4 msimu wa michezo, na kuanzia Januari 2025 ikawa euro 2.50 kwa mkoa mzima isipokuwa safari za viwanja vya ndege. Wanaotoka mbali walipata nafuu, kwani awali walilipa zaidi. Anayekwenda vituo vitatu ndani ya jiji aliongezewa.

Kwa wasomaji wa nyumbani wanaosubiri AFCON ya 2027 itakayofanyika Kenya, Tanzania na Uganda, tofauti ya kuzingatia ni hiyo ya mamlaka. Meya wa Dar es Salaam hawezi kuiga haya hata akitaka, kwa sababu tangu 2017 barabara za mitaa zipo chini ya wakala wa serikali wa TARURA na zile kuu chini ya wakala wa TANROADS, wakati mabasi ya mwendokasi yana wakala wake. Ukitaka njia ya baiskeli kutoka uwanjani hadi Kariakoo, ujue kwanza barua inapelekwa ofisi gani.

Hidalgo alitangaza Novemba 2024 kwamba hatagombea muhula wa tatu. Utafiti uliotolewa Aprili mwaka huohuo ulionyesha kuwa safari za ndani ya Paris kwa baiskeli zilikuwa asilimia 11 na kitu, za gari asilimia 4 na kitu, kwa hiyo sioni meya yeyote, wa mrengo wowote, akiung'oa ule ukingo wa zege wa Sébastopol.

Alama zangu: njia za ndani ya Paris nazipa 5 kati ya 5 licha ya wembamba wake, njia ya mfereji 4 mchana na 2 usiku, baiskeli za Vélib' 3, au 4 ukiishi bondeni. Laini ya 14 naipa 4. Ingepata 5 kama kadi ya mwezi, euro 88.80 mwaka 2025, isingekuwa inakatwa pia kwa mtu anayepanda treni siku za mvua tu.