Programu ya kuunganisha picha: ununue ipi kama unapiga ziwa?

Malalamiko ninayotumiwa na wasomaji wa Mwanza yanafanana. Mtu kapiga picha kadhaa zinazopandana kutoka Capri Point au juu ya feri ya Kamanga, kaziunganisha kuwa moja ndefu, na ziwa limetoka limejikunja. Mtumbwi mmoja umekatika nusu, mwingine umepata pacha. Msomaji mwingine alitaka kumchapia mteja Daraja la Kigongo–Busisi lote, takriban kilomita 3, akapata maji yenye ngazi.

Usiilaumu kamera. Programu hutafuta alama zinazojirudia pale picha mbili zilipopandana, kisha huzishikiza hapo. Mwamba wa Bismarck hausogei, kwa hiyo alama zake ni za kuaminika. Wimbi linasogea. Mng'ao uliokuwa hapa kwenye picha ya kwanza umeshahamia pale kwenye ya pili. Programu inadhani ni ule ule na kuivuta picha nzima iufuate. Ndiyo maana kila programu naiuliza swali moja: naweza kuziona alama hizo na kuzifuta zilizokaa majini? Kasi na uzuri wa menyu vinafuata mbali sana.

Ya kwanza ni PTGui, na upendeleo huo siufichi. Inakuwekea picha mbili ubavu kwa ubavu, kila alama na namba yake. Futa za majini, acha za mawe na mapaa, kisha iamuru ipange upya: mstari wa maji unanyooka mbele ya macho yako. Leseni unainunua mara moja na haiishi muda. Kinachoniuma ni kwamba maski, yaani uwezo wa kuchagua mtumbwi ubaki wa picha ipi, imewekwa kwenye toleo la Pro lenye bei ya juu. Kwa anayepiga ziwa, maski si anasa hata kidogo.

Hugin ni ya bure, ina alama na maski pia. Kuijifunza kunachosha, lakini kama huna hela, ichukue.

Photoshop naiweka ya tatu. Photomerge, zana yake ya kuunganisha picha, inaacha kila picha kwenye leya (tabaka) yake pamoja na maski, hivyo mtumbwi uliokatika unaweza kuurudisha kwa brashi. Ila alama huzioni, na ziwa likijikunja hakuna pa kulishika. Lightroom ni ya mwisho: rahisi, inatoa faili la DNG (picha ghafi), lakini imekufungia mlango kabisa. Zote mbili unalipia kila mwezi, hata mwezi usio na harusi hata moja, na unalipa kwa kadi inayokubali malipo ya nje.

Halafu kuna hawa wauzaji wa mjini wenye flashi. Wanauza programu zilizokrakiwa, virusi ndani, na bado wanakuita bosi. Msomaji mmoja kauziwa Autopano kama bidhaa mpya, wakati Kolor, kampuni iliyoitengeneza, ilifungwa mwaka 2018. Nani atamrekebishia ikigoma? Hela ile ingeanzia kulipia leseni halali.

PTGui ina toleo la majaribio linalofanya kazi, ila linapiga maandishi juu ya picha. Lipakue kabla ya kulipa, na lijaribu kwa picha za alasiri zenye mawimbi, si zile za asubuhi ziwa likiwa shwari.