Nilikaa na familia mwenyeji miezi sita, uzoefu wangu

Nilivyopata nafasi ya kusoma nje watu waliniambia nenda hosteli, kwa watu utabanwa. Mi nikachagua familia kwa sababu moja tu, lugha yao nilikuwa naijua kwa vitabu, kuongea nilikuwa siwezi.

Kwanza ile fomu ya wakala anayekutafutia familia usiijaze kwa adabu jamani. Mi niliandika wanyama sawa, watoto sawa, kila kitu sawa, nikapelekwa nyumba ina paka watatu na kumbe manyoya yao yananipigisha chafya hadi asubuhi. Wiki ya pili nikataka kuhama, wakala ananiambia soma mkataba, notisi ni wiki nne na ukitoka kabla hela hairudi. Kweli imeandikwa, mi nilisaini bila kusoma. Ila wakala hata kumpigia mama mwenye nyumba hakumpigia, nikamwambia mi mwenyewe kwa lugha ya kuungaunga na mikono, siku hiyohiyo paka wakapigwa marufuku chumbani kwangu. Nikabaki.

Lugha sasa, hapo ndo hela yangu ilirudi, na sio darasani, ni jikoni. Baada ya chakula cha jioni mi naosha vyombo mama anafuta, na mtu akiwa anafuta sahani haongei kama mwalimu, anameza maneno, anaruka huku na kule, anamteta jirani, na umbea mtamu bwana lazima utajitahidi uelewe. Mtoto wao wa miaka sita ndo alikuwa ananisahihisha bila huruma, watu wazima wanakuonea aibu wanakuacha na makosa yako. Ila uliza mapema kama kuna mwanafunzi mwingine wa lugha yako humo ndani, maana mkiwa wawili mtapiga stori zenu chumbani na utarudi ulivyoenda.

Kubanwa kupo, nisidanganye. Kufua mara moja kwa wiki, mgeni haruhusiwi kulala, ukichelewa chakula unatuma meseji, mlo wa mchana unajitegemea. Mtu mzima kuaga kila unapotoka inachosha, miezi sita ilinitosha, mwaka nisingeweza.

Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja nimemnyima wakala, familia haihusiki.