DeLaveaga au Oak Grove: Uwanja Upi wa Gofu ya Visahani?

Ukiwa California na una nafasi ya raundi moja tu ya gofu ya visahani, mchezo wa kurusha kisahani hadi kiingie kikapuni kwa mirusho michache iwezekanavyo, mimi ningekupeleka DeLaveaga, Santa Cruz. Uwanja huu ulifunguliwa 1984 na umejaa vilima na makorongo, kwa hiyo vaa viatu vinavyoshika ardhi. Utamu wake uko shimo la 27, maarufu kama Kilele cha Dunia: unarusha kutoka juu kwenda bondeni, ghuba ya Monterey ikionekana kwa mbali. Kisahani hukaa hewani muda mrefu, na kwa anayetumia mkono wa kulia akianzia kifuani, mwishoni hukata kushoto. Lenga kulia kwa kikapu, la sivyo utakwenda kutafuta kisahani chako vichakani.

Oak Grove, karibu na Pasadena, ina heshima ya historia: ndiyo uwanja wa kwanza wa kudumu wa mchezo huu, kazi ya mvumbuzi Mmarekani Ed Headrick, 1975. Mwanzoni wachezaji walilenga nguzo tu. Kikapu cha minyororo alikibuni baadaye. Kuna kivuli kizuri cha mialoni. Mwenye watoto, au anayejifunza, aanzie hapa.