Uzoefu wangu: wakala wa kurudisha mwili wa marehemu kutoka Chennai, India, hadi Dar es Salaam

Nampa nyota tatu kati ya tano. Jina lake silitaji. Ni mmoja wa mawakala wanaopatikana kwa kuulizia gesti za Greams Road au dawati la wagonjwa wa kigeni hospitalini. Kwa kukimbizana na maofisi, hela yake ni halali kabisa. Ila jina la marehemu, jeneza na kilo za ndege msimwachie peke yake.

Kwanza sifa zake. Mgonjwa akifia wodini kwa ugonjwa unaojulikana, daktari hujaza hati ya chanzo cha kifo na kwa kawaida mambo ya uchunguzi wa maiti hayapo. Akifia gesti ni habari nyingine: hata faili lake la saratani liwe nene vipi, polisi wanaweza kutaka mwili uchunguzwe kwanza, na hapo siku zinaongezeka. Wakala huichukua hati ya hospitali, huenda polisi kuomba barua ya kutokuwa na pingamizi, hutoa taarifa kwa ofisi ya uhamiaji inayoshughulikia wageni, kisha hutuma karatasi zote kwa barua pepe Ubalozi wa Tanzania New Delhi, ili pasi ya marehemu ifutwe na barua ya kuruhusu mwili usafiri itoke. Hizo ofisi ukizizungukia mwenyewe, na msiba kichwani, na Kitamil hujui, utachoka. Lakini alituahidi kwamba wikendi si tatizo. Ni tatizo. Ofisi zikifungwa zimefungwa, na kifo cha Ijumaa jioni husubiri Jumatatu. India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu, kwa hiyo ndugu wa Dar anayetaka kumpata afisa Delhi apige asubuhi na mapema.

Sasa jina. Hospitali inaweza kumwandikisha mgonjwa kwa jina lililo kwenye barua ya rufaa, si lililo kwenye pasi. "Mohamed" huwa "Mohammed", jina la babu huachwa, na ofisi za India nazo hupenda kuandika jina la baba au la mume mahali pake. Kosa hilo huhamia kwenye hati ya chanzo cha kifo, kisha kwenye cheti cha kifo cha manispaa, na ubalozi ukilinganisha na pasi, kazi inasimama. Rekebisheni hospitalini siku ile ile, kabla taarifa haijapelekwa manispaa. Wekeni pasi mezani, msome herufi kwa herufi. Wakala wetu alipokea karatasi bila kuzisoma, na hapo ndipo nyota moja ilipoondoka.

Ombeni pia barua ya daktari inayosema marehemu hakuwa na ugonjwa wa kuambukiza. Shirika la ndege huidai, na ikikosekana mwili unaweza kurudishwa kutoka kago.

Bili ni kidonda kingine. Mkataba wa haki za wagonjwa ulioandaliwa na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya India mwaka 2018 unataja haki ya kupewa mwili wa marehemu, hospitali isiuzuie kwa sababu ya malipo. Utajeni kwa adabu huku mkijadili punguzo, ila kamati ya msiba iendelee kuchanga.

Jeneza ndilo lililoniudhi. Mwili huchomwa dawa ya formalini kupitia mshipa, kazi inayofanywa mara nyingi na idara ya anatomia ya chuo cha udaktari, nanyi mnapewa cheti. Kisha huwekwa ndani ya bati la zinki lililolehemiwa pande zote, na nje yake sanduku la mbao. Tembezeni kidole kwenye mshono uliolehemiwa kabla mbao hazijapigwa misumari: ukikuta kitundu au sehemu iliyopakwa silikoni badala ya kulehemiwa, kataeni. Angani hewa ya sehemu ya mizigo hupungua kama ilivyo juu ya mlima wa mita 2,000 hivi, hewa iliyofungiwa ndani hutanuka, na mshono dhaifu huvuja. Waislamu wapange josho na sanda mapema na wakala, kabla ya kulehemu, kwa sababu zinki ikishafungwa Dar wengi hawaifungui.

Kuhusu kilo, msikubali makadirio ya jumla. Dai mchanganuo: dawa, jeneza, gari, karatasi, nauli ya ndege, ujira wa wakala. Mashirika mengine yana bei moja kwa mwili. Yanayotoza kwa kilo huangalia uzito wa mizani na uzito wa ujazo, na hutoza ulio mkubwa. Sanduku la sentimita 210 kwa 75 kwa 60, ukizidisha na kugawa kwa 6,000, ni kilo 157.5, hata kama mizani inasoma 130. Letu lilikuwa pana kupita haja kwa sababu fundi alitumia mbao alizokuwa nazo. Pimeni kabla halijaondoka karakana. Vipimo hivyo hivyo watumieni wachimba kaburi, la sivyo sanduku litakwama mdomoni mwa kaburi watu wakitazama.

Chagueni shirika moja mpaka Dar, maana kubadilisha shirika njiani ni kupokelewa upya. Jina la mpokeaji kwenye hati ya mzigo liwe la ndugu aliye Dar mwenye kitambulisho. Na tafadhali, wapokeaji wasijazane Terminal 3 na mashada: mwili hutokea upande wa kago, baada ya forodha na afisa afya wa uwanja wa ndege.

Bahasha inayobandikwa juu ya sanduku iwe na nakala tu. Karatasi halisi abebe ndugu aliyekuwa akimuuguza marehemu, kwenye mkoba wake, pamoja na vyeti vya kifo vya ziada vyenye muhuri wa ubalozi. Benki itataka kimoja, mfuko wa pensheni kimoja, Mahakama ya Mwanzo kwa ajili ya mirathi kimoja, na kuviagiza tena kutoka Chennai ukiwa Dar ni kumlipa wakala mara ya pili.